UZI MREFU: Cuba 1962, nusu ya hadithi iliyofichwa na wanaodhani ubabe pekee ulishinda

Wakuu salaam.

Mataifa makubwa yakianza kutunishiana misuli, humu jukwaani hoja huwa ni ile ile: adui haelewi lugha ila mtutu, na ushahidi ni Kennedy, rais wa Marekani, aliyewakazia Warusi kule Cuba mwaka 1962 mpaka wakafyata na kuondoa makombora yao ya nyuklia. Nimeisoma mara nyingi, tena kutoka kwa watu wanaofuatilia historia. Siwalaumu, maana ndivyo ilivyosimuliwa dunia nzima. Lakini hiyo ni nusu ya kilichotokea. Nusu ya pili ilifichwa kwa makusudi kwa zaidi ya robo karne, na wapo viongozi waliopeleka vijana wao vitani wakiwa wameibeba ile nusu ya kwanza tu. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana naliandika kwa kirefu. Tuvumiliane.

Lilipoanzia

Wengi huanza kusimulia Oktoba 1962. Mimi nawaomba tuanze Aprili 1961, pale Marekani ilipowapeleka Wacuba wapatao 1,400 waliokimbilia kwake, wakafunzwa na shirika la ujasusi la CIA, watue Ghuba ya Nguruwe wampindue Fidel Castro. Ndani ya siku tatu wakawa wameshindwa. Washington haikuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaanzisha Operesheni Mongoose, mpango wa siri wa hujuma dhidi ya serikali ya Castro. Na huko Uturuki, mlangoni kwa Warusi, yalisimikwa makombora 15 ya Jupiter yenye vichwa vya nyuklia. Italia yalikuwepo mengine 30.

Nikita Khrushchev, kiongozi wa Warusi, akapiga hesabu zake. Mshirika wake anaandamwa. Makombora ya masafa marefu Marekani wanayo mengi kumpita kwa mbali. Naye akaamua kutumia nguvu, kimyakimya. Kuanzia katikati ya 1962 meli zake zikaanza kushusha Cuba askari, ambao mwishowe walizidi 40,000, pamoja na makombora ya masafa ya kati yenye uwezo wa kuifikia Washington kwenyewe.

Hata balozi wake Marekani, Anatoly Dobrynin, hakuambiwa. Tarehe 18 Oktoba waziri wa mambo ya nje, Andrei Gromyko, alikaa na Kennedy Ikulu akamhakikishia kwamba msaada wa Moscow kwa Cuba ni wa kujilinda tu. Kennedy alikuwa tayari amezipata picha za makombora. Diplomasia ya kufunika uongo haimsaidii mtu, na hilo nalikubali mapema ili tusije tukabishana baadaye.

Meza ya Kennedy

Picha zilipigwa tarehe 14 na rubani wa ndege ya upelelezi ya U-2, Meja Richard Heyser, upande wa magharibi ya kisiwa. Asubuhi ya tarehe 16 zikawa mezani kwa rais. Kennedy alikuwa anarekodi vikao vyake kwa siri, na kanda zipo, ndiyo maana leo tunajua nani alisema nini.

Siku ya kwanza karibu wote walitaka mabomu, na Kennedy mwenyewe alielekea huko. Tarehe 19 akakutana na wakuu wa majeshi. Jenerali Curtis LeMay wa jeshi la anga akamwambia usoni kwamba kuzingira tu bila kushambulia ni kubaya karibu sawa na Munich, yaani ile 1938 Waingereza na Wafaransa walipomwachia Hitler kipande cha Chekoslovakia. Kwa kizazi kile hapakuwa na tusi zito kuliko hilo.

Kilichombadilisha Kennedy hakikuwa moyo wa huruma. Tarehe 21 alimuuliza mkuu wa kikosi cha anga ambacho kingeshambulia, Jenerali Walter Sweeney, kama mabomu yangemaliza makombora yote. Jibu likawa kwamba hata shambulio likifanikiwa, hawezi kumhakikishia kuwa yote yataangamizwa. Kombora moja likibaki, mji mmoja wa Marekani unaondoka. Basi ukachaguliwa mzingiro wa baharini, ukaanza tarehe 24 saa 4 asubuhi.

Mnisome vizuri hapa: mzingiro ni shinikizo la kijeshi, tena zito. Kikosi cha mabomu ya nyuklia cha Marekani kiliwekwa kwenye kiwango cha tahadhari cha DEFCON 2, hatua moja tu kabla ya vita. Lakini angalia ulivyoendeshwa. Meli ya mafuta ya Kisovyeti, Bucharest, iliachwa ipite bila kukaguliwa. Ya kwanza kusimamishwa na kupandwa na mabaharia wa Marekani, tarehe 26, ilikuwa Marucla. Kwa nini hiyo? Ilikodiwa na Warusi lakini imesajiliwa Lebanon. Kennedy alipata meli ya kuonyesha kwamba mzingiro si maneno, na Khrushchev hakulazimika kuona bendera yake ikidhalilishwa mbele ya dunia. Kwangu mimi, huo uchaguzi wa meli moja una akili kuliko hotuba zote za wiki ile.

Jumamosi tarehe 27

Hapa naomba tukae kidogo, maana siku hii watetezi wa ubabe huwa wanairuka.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imefika barua ndefu ya Khrushchev, ya mtu aliyechoka na mwenye hofu. Alimwambia Kennedy kwamba wao wawili wasiendelee kuvuta ncha za kamba iliyofungwa fundo la vita, kwa sababu kadiri wanavyovuta ndivyo fundo linavyokaza, mpaka aliyelifunga mwenyewe atashindwa kulifungua na itabidi likatwe. Alichotaka ni ahadi kwamba Cuba haitavamiwa. Asubuhi ikasikika barua ya pili, hii redioni mbele ya watu wote: na Jupiter za Uturuki ziondoke.

Wakiwa wanaumiza kichwa na barua hizo mbili, habari zikaanza kuingia. Rubani mmoja wa U-2 aliyetoka Alaska amepotea njia karibu na ncha ya dunia, ameingia anga ya Urusi, ndege za MiG zimeruka kumfuata. Marekani ikarusha ndege za kivita kwenda kumpokea, na ndege hizo zilibeba makombora ya nyuklia. Hakuna aliyeamuru safari ile iwe uchokozi. Ni rubani kapotea, basi.

Kisha Cuba. U-2 ya Meja Rudolf Anderson imetunguliwa, rubani amekufa. Waliofyatua ni maofisa wa Kisovyeti pale pale kisiwani, bila idhini ya Moscow. Washington ilikuwa imeshakubaliana kwamba ndege ikitunguliwa, kituo kilichofyatua kitapigwa. Kennedy akagoma kutoa amri ile, akasema tusubiri.

Na baharini, nyambizi ya Kisovyeti B-59 ilikuwa chini ya maji huku manowari za Marekani zikiidondoshea mabomu madogo ya kuishtua ili ipande juu. Ndani joto halivumiliki, betri zinaisha, Moscow haipatikani. Kwa simulizi ya aliyekuwemo, kapteni Valentin Savitsky alidhani vita imeshaanza na akaagiza torpido ya nyuklia iandaliwe. Ofisa mwenzake Vasili Arkhipov akamtuliza. Nyambizi ikapanda juu. Wamarekani waliokuwa wanadondosha mabomu hawakujua kama kuna torpido ya aina hiyo humo ndani.

Matukio matatu, siku moja, na hakuna hata moja lililopangwa na Kennedy wala Khrushchev. Ukishawasogeza askari na silaha wakakaribiana kiasi hicho, uamuzi unaanza kuhama kutoka kwa rais kwenda kwa luteni mwenye usingizi na redio mbovu. Mtu anayesema "tuongeze presha tuone kama watakunja" anieleze kwanza huyo luteni atamdhibiti vipi.

Halafu kuna hili. LeMay na wenzake walikuwa wanapanga kuvamia kisiwa wakidhani kina Warusi kama 10,000 hivi. Walikuwa zaidi ya mara nne ya hapo, na walikuwa na silaha ndogo za nyuklia za uwanja wa vita zilizokwisha kufika. Robert McNamara, aliyekuwa waziri wa ulinzi, aliyasikia haya kwenye mkutano Havana mwaka 1992, miaka 30 baadaye. Vijana wa Kimarekani wangeshuka ufukweni kwenye moto ambao majenerali wao hawakujua upo.

Usiku ule, Wizara ya Sheria

Saa 2 kasoro robo usiku Dobrynin aliitwa ofisini kwa Robert Kennedy, mdogo wake rais na mwanasheria mkuu wa serikali. Robert alikuwa na mambo mawili. La kwanza tunalijua wote: muda umekwisha, ndege zetu zinapigwa, tunahitaji jibu kesho. La pili ndilo lililofungiwa kabatini. Kuhusu Uturuki, rais haoni kikwazo kisichoshindikana. Jupiter zitaondoka ndani ya miezi minne au mitano. Sharti: isitangazwe, na isiandikwe popote kama mabadilishano.

Ndani ya kikao cha mchana Kennedy alikuwa ameshawaambia washauri wake kwamba kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, kubadilishana Uturuki na Cuba kutaonekana ni biashara ya haki. Wengi wao walipinga. Akaenda kuyamaliza na kikundi kidogo.

Dobrynin alirudi ubalozini kuandika taarifa. Alikuja kusimulia baadaye kwamba siku zile ubalozi ukitaka kutuma ujumbe Moscow, ulifungwa kwa siri, kisha wakaipigia simu kampuni ya telegramu, akaja kijana kwa baiskeli kuuchukua. Dunia nzima imening'inia, na ujumbe unaondoka ubalozini kwa baiskeli. Ile barua ya Khrushchev ya tarehe 26 nayo ilichukua karibu saa 12 kufika yote mikononi mwa Kennedy. Ndiyo maana Juni 1963 yakatiwa saini makubaliano ya kuweka laini ya mawasiliano ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow.

Tarehe 28 Redio Moscow ikatangaza: makombora yanafungashwa kurudi.

Jinsi ilivyofichwa

Siku mbili zilizofuata Dobrynin alimletea Robert Kennedy barua ya Khrushchev iliyoyaweka makubaliano ya Uturuki kwa maandishi. Robert akamrudishia. Hakutaka karatasi ibaki.

Desemba likatoka gazeti moja kubwa la Marekani na makala iliyomchoma Adlai Stevenson, balozi wao Umoja wa Mataifa. Kosa lake? Eti alitaka Munich nyingine, kwa kuwa alipendekeza kubadilishana na makombora ya Uturuki. Yule mzee alitwikwa jina la mwoga kwa kupendekeza kitu ambacho rais mwenyewe alikuwa amekifanya, na rais akanyamaza. Hili halina utetezi, na nasema hivyo nikiwa namheshimu Kennedy kwa mengine yote ya wiki ile.

Jupiter za Uturuki ziling'olewa kufikia Aprili 1963, kwa maelezo kwamba zimepitwa na wakati. Kumbukumbu za Robert Kennedy zikachapishwa 1969, baada ya kuuawa kwake. Mhariri wake, Theodore Sorensen, alikuja kukiri kwenye mkutano Moscow mwaka 1989 kwamba shajara ile ilieleza wazi makubaliano ya Uturuki, na yeye ndiye aliyeyaondoa.

Sasa jiulize nani alikaa gizani. Lyndon Johnson, makamu wa rais, hakuwemo kwenye kikundi kidogo kilichokubaliana ujumbe wa Uturuki usiku ule. Mwaka mmoja na mwezi baadaye ndiye rais. Mwaka 1965 anaanza kuipiga Vietnam Kaskazini kwa mabomu, kidogo kidogo, kwa imani kwamba ukiongeza maumivu kwa kipimo adui atakunja. Sidai kwamba Cuba pekee ndiyo iliyompeleka Vietnam, sababu zilikuwa nyingi. Ila somo alilokuwa nalo kichwani kuhusu Cuba lilikuwa na ukurasa uliochanwa. Hanoi ilipewa mabomu bila mlango wa kutokea. Haikukunja.

MAJIBU KWA WALIOCHANGIA

> *Mkuu umeandika vizuri lakini bila manowari na DEFCON 2 Khrushchev asingekubali chochote. Ulitaka Kennedy aandike barua tu?*

Hapana mkuu, na ukinisoma tena utaona sijasema hivyo. Barua tupu zisingetosha, hasa baada ya uongo wa Gromyko. Mzingiro ulimfanya Khrushchev aone kwamba hawezi kukamilisha alichoanza. Ninachokataa ni kuishia hapo. Mtu mkubwa aliyebanwa ana njia mbili, apigane au arudi nyumbani na kitu cha kuwaonyesha wenzake. Kennedy alimpa viwili: ahadi ya kutovamia Cuba, hadharani, na Uturuki, sirini. Ondoa hivyo viwili uniambie Jumapili ingekuwaje.

Tena kumbuka mizani ya nguvu ilikuwa upande wa Marekani kwa mbali sana, kwenye nyuklia na kwenye bahari ile ya Karibi. Kama upande wenye nguvu zote hizo ulilazimika kutoa kitu, wale wanaotaka kutunisha misuli wakiwa hawana hata robo yake wafikirie vizuri.

> *Kwa hiyo Khrushchev alishinda?*

Sioni hivyo. Kwa kuwa sehemu yake ya ushindi ilikuwa siri, kwa nje alionekana amesalimu amri, na wenzake walipomwondoa Oktoba 1964 Cuba ilikuwemo kwenye lawama. Hii ni gharama ya diplomasia ya siri ambayo watu hawaitaji: iliokoa dunia wiki ile, lakini ilimwacha mmoja amevuliwa nguo mbele ya watu wake, na Warusi wakatoka pale wameazimia kujenga nyuklia mpaka walingane na Marekani. Hata hivyo Agosti 1963 walitia saini pamoja mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, chini ya maji na anga za juu. Watu walewale, miezi kumi baadaye.

> *Na Castro mwenyewe? Nchi ni yake, mbona humtaji?*

Swali zuri sana ndugu yangu, na ni aibu ya pande zote mbili. Castro alizipata habari za kuondolewa makombora redioni, kama raia mwingine yeyote. Alikasirika kupita kiasi. Lakini tusimfanye malaika: kwenye ile wiki alimwandikia Khrushchev kwamba Marekani ikivamia, Moscow iwahi kupiga kwa nyuklia. Khrushchev alishtuka aliposoma.

Mwezi Novemba Anastas Mikoyan, naibu wa Khrushchev serikalini, alitumwa Havana kumtuliza. Akiwa huko akapata habari kwamba mkewe amefariki Moscow. Hakurudi kuzika. Alibaki wiki kadhaa akibembeleza, mpaka Castro akakubali na ndege za mabomu za Il-28 ziondoke, Kennedy naye akaondoa mzingiro tarehe 20 Novemba. Mtu akiniambia diplomasia ni kazi ya walaini, namtajia Mikoyan.

> *Haya ya wakubwa yanatuhusu nini sisi?*

Yalitufikia mapema kuliko unavyodhani. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, maofisa wa Magharibi walianza kuizungumzia Zanzibar kama Cuba ya Afrika. Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga pale Tunguu, na kiliondolewa mwaka huohuo. Hofu ya makombora ya Karibi ikawa inapimwa juu ya visiwa vya karafuu.

Na shinikizo likaja kweli, ila si la manowari. Ujerumani Mashariki ilikuwa imetambuliwa na Zanzibar. Baada ya Muungano, Ujerumani Magharibi ikataka Wajerumani wale wa upande wa pili wasiwe na uwakilishi wowote nchini. Mwalimu Nyerere alijaribu njia ya kati: si ubalozi kamili, bali ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Kwa nchi changa isiyo na jeshi la kutisha mtu, hiyo ilikuwa diplomasia ya hali ya juu, kila upande ubaki na kitu. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika. Februari 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi, ikitegemea kwamba tukibanwa tutalegea. Mwalimu akawaambia wachukue na misaada mingine iliyobaki. Ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki ukaendelea kuwepo Dar.